Je, Wajua Birika Linavyoweza Kumchunga Mzee Bila Kumwangalia?

Mwaka 1996, katika eneo la Ikebukuro jijini Tokyo, mama mzee na mwanawe aliyekuwa mgonjwa walikutwa wamefariki ndani ya nyumba yao. Karibu mwezi mzima ulikuwa umepita bila jirani wala ndugu kujua. Habari ile iliwauma Wajapani. Daktari mmoja akaiendea kampuni ya Zojirushi, watengenezaji wa majiko ya umeme ya kupikia wali na mabirika ya umeme, na wazo lake: je, chombo cha kawaida cha nyumbani hakiwezi kutoa habari kwamba mwenye nyumba yu mzima? Jibu lilitoka mwaka 2001, nalo lilikuwa birika.

Linaitwa i-Pot. Wazee wengi wa Japani hunywa chai kutwa, kwa hiyo birika lao hukaa mezani na maji ya moto muda wote. Ukibonyeza, maji yanamiminika. Zojirushi walitia ndani yake kifaa cha mawasiliano kama kile kilichomo kwenye simu ya mkononi. Mzee akimimina maji, birika linatuma ishara. Mara mbili kwa siku mtoto aliye mbali anapata barua pepe inayomwonyesha birika limetumika saa ngapi. Mzee akitaka kutoka, kuna kitufe cha kubonyeza ili watu wa nyumbani wajue kwamba yuko matembezini na hajaanguka. Huduma hiyo hulipiwa kama yen 3,000 kwa mwezi. Picha hakuna, sauti hakuna.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike na birika wakati kamera zimejaa madukani na bei yake imeshuka?

Tazama swali ambalo mtoto anauliza kila asubuhi. Ni moja tu: mama kaamka? Birika linalijibu, kisha linanyamaza. Kamera inajibu na mengine mia ambayo hakuna aliyeyauliza: kavaa nini, kala nini, nani kaja kumwona, kwa nini leo kakaa kitandani anafuta machozi. Halafu inayaweka yote, mara nyingi kwenye seva za kampuni iliyo nchi nyingine, kwa akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya mtoto. Mzee mwenyewe hana hata nywila. Fundi aliyeifunga huenda anayo.

Ndiyo maana wanaoshughulika na faragha huanza kwa kuuliza ni taarifa gani chache kabisa zinazotosha kwa kazi iliyopo. Ulinzi huja baadaye. Taarifa ambayo haikukusanywa haiibiwi, haivuji, haisambazwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Lakini tusijidanganye, hata birika lina umbea wake. Mwenye kumbukumbu zake za mwezi mmoja anajua mzee huamka saa ngapi, hulala saa ngapi na siku gani nyumba huwa tupu. Mwizi angezipenda sana. Na vipo vifaa vingine vinavyoonekana havina hatia ambavyo hufichua zaidi. Chukua vile vidude vyeupe vya kuhisi mwendo, vinavyofungwa pembeni karibu na dari. Vyenyewe havioni sura. Vinachohisi ni joto la mwili linalopita. Kifunge kimoja mlangoni mwa choo, nacho kitahesabu safari za usiku. Safari mbili zikiwa sita, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, au tezi dume, au sukari imepanda. Kwa daktari hiyo ni habari njema maana anawahi. Ila namba hiyohiyo ikimfikia mkwe, au kampuni ya bima, imekwisha kuwa siri ya mwili wa mtu mzima ambaye hajawahi kumwambia yeyote habari za choo chake.

Shangazi yangu anaishi Unguja, na mwanawe yuko Muscat. Mwaka juzi huyo mwana alimfungia mama yake kamera chumbani, kwa nia njema kabisa, baada ya mama kuteleza bafuni. Wiki haikuisha picha ikakatika.

"Shikamoo mama. Mbona kamera haionyeshi?"

"Marahaba. Nimeivisha kanga. Mgeni gani huyu haingii kwa hodi, na mtu akibadili nguo hatoki?"

Tulicheka, lakini alikuwa amegusa penyewe. Kwetu chumba cha mzee ni mahali ambapo hata mwanawe wa kumzaa husimama mlangoni na kuita kwanza. Kamera iliruka hatua hiyo. Na shangazi hakuwa peke yake chumbani: dada anayemsaidia kuoga naye alikuwa akirekodiwa, na hakuna aliyemuuliza.

Je, sheria haisaidii? Inasaidia, mpaka mlangoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hospitali au kampuni haiwezi kuzichezea ovyo. Lakini sheria ya Kenya, sawa na ile ya Umoja wa Ulaya, inaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani. Chini ya sheria hizo, kamera ya mwana chumbani kwa mama yake ingeangukia humo kwa sehemu kubwa. Hakuna ofisi itakayokuja kuuliza. Inabaki familia yenyewe iulizane, na hapo ndipo wengi huruka kumuuliza mzee kwa sababu "hataelewa". Mimi naona huelewa sana, ila jibu lake ndilo tusilolitaka.

Jimbo la Texas, Marekani, limeruhusu tangu 2001 familia kuweka kamera katika chumba cha mzee aliye kwenye nyumba ya kulelea wazee, lakini kwa ridhaa ya maandishi. Na kama chumba kina vitanda viwili, mwenzake wa kitanda cha pili naye lazima akubali, tena anaweza kutoa sharti kwamba kamera isimwelekee yeye. Nimelipenda sharti hilo. Linakumbusha kwamba kamera ya mmoja humwona na mwingine.

Birika halitoshi kila mahali. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaweza kufungua mlango saa nane za usiku na kwenda zake, na birika lisijue. Anayeanguka baada ya chai ya asubuhi atalala sakafuni mpaka jioni kabla mtu hajashtuka. Kwa hao huenda kitu kinachoona zaidi kikahitajika, basi kiwekwe sebuleni au mlangoni, kisiwekwe kitandani wala bafuni. Nywila ibadilishwe fundi akishaondoka, na ijulikane kwa majina nani anaangalia.

Kwa shangazi walifikia jambo jingine. Kila siku baada ya sala ya alfajiri anambipu mwanawe mara moja, simu inakatika kabla haijapokelewa, wala haimgharimu hata shilingi. Siku asipobipu hadi saa mbili, mwana anampigia jirani, na jirani anakwenda kupiga hodi. Kamera bado ipo ukutani, na ile kanga haijavuliwa.