Kabla ya kununua ruta ya masafa mawili, ikague kwanza kompyuta yako

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari anayekaa Sinza, Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa na hasira. Amenunua ruta mpya ya masafa mawili, yaani inayorusha Wi-Fi kwa gigahezi 2.4 na kwa gigahezi 5, boksi limeandikwa 1200 kwa tarakimu kubwa, lakini kompyuta yake mpakato inasuasua vilevile kama zamani. "Mwanangu, hawa wameniuzia feki," akasema.

Nilifika jioni. Baada ya shikamoo na chai nikamwomba simu yake nione mitandao inayoonekana. Simu ilionyesha majina mawili ya ruta yake, moja likiishia na 5G. Kompyuta ilionyesha moja tu. Hapo nikajua ruta haina kosa. (Hiyo 5G kwenye jina la Wi-Fi maana yake ni gigahezi 5. Haihusiani kabisa na 5G ya laini ya simu, na nimekuta wauzaji wanaowachanganya wateja kwa hilo.)

Nilifungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt) kwenye Windows, nikaandika netsh wlan show drivers, nikashuka hadi mstari wa Radio types supported. Palikuwa na 802.11b, 802.11g na 802.11n, basi. Hayo ni majina ya viwango vya Wi-Fi ambavyo kadi ya Wi-Fi ya kompyuta inavijua. Mstari huo ndio unaoamua ununue ruta gani. Herufi b na g ni za gigahezi 2.4 peke yake. Ukiona a au ac, kadi yako inafika gigahezi 5, na zenye ax karibu zote nazo hufika. Wengi hunaswa na n, iliyopitishwa mwaka 2009: kuna kadi za n zinazoshika masafa yote mawili, na kuna zinazoishia 2.4. Ikiwa n imekaa na b na g bila a pembeni, hesabu kwamba kadi yako ni ya 2.4 tu. Kompyuta za mtumba zimejaa kadi za aina hiyo, hata zenye prosesa nzuri na memori ya kutosha, kwa sababu kadi ya Wi-Fi ndipo watengenezaji hupenda kubana gharama.

Kila siku naulizwa, "Fundi, ruta hii itakubaliana na kompyuta yangu?" Kuunganishwa, karibu zote zitaunganishwa, maana ruta ya masafa mawili bado inatoa 2.4 kwa vifaa vya zamani. Tofauti iko kwenye kasi utakayopata, na kasi hiyo haivuki uwezo wa upande ulio dhaifu.

Chukua hiyo 1200. Ni megabiti 300 kwa sekunde za masafa ya 2.4 ukijumlisha na 867 ya masafa ya 5, kisha wakakadiria kwenda juu. Kompyuta yako hutumia upande mmoja kwa wakati, kwa hiyo 1200 hutaiona kamwe. Hata hiyo 867 inataka kadi yenye antena mbili. Kadi ya Intel AC 7265 inazo mbili, inafika 867. Intel 3165 inayo moja, inaishia 433. Na hizo ni kasi za hewani kati ya kompyuta na ruta. Faili linaloshuka kwa kweli hupata karibu nusu yake. Kama kifurushi chako cha intaneti ni megabiti 20 kwa sekunde, hata 433 ni nyingi kupita mahitaji yako. Usilipie ruta ya Wi-Fi 6 (ndiyo hiyo ax) kwa ajili ya kompyuta moja yenye kadi ya ac.

Kwa nini basi ujisumbue na masafa mawili? Kwa sababu ya majirani. Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwa huyo mwalimu nilihesabu mitandao 23 inayogombania nafasi hiyo, na jiko la maikrowevu nalo linanguruma humohumo. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi, na mawimbi yake hayapenyi ukuta vizuri, kwa hiyo ya jirani hukufikia yakiwa yamechoka. Udhaifu huohuo unakugusa na wewe. Nyumba ya tofali za saruji, kuta mbili tu, tayari 5 inalegea. Mji Mkongwe wa Zanzibar, penye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazokaribia unene wa nusu mita, ukuta mmoja unatosha kuiua. Mahali kama hapo ningevuta waya hadi chumba cha kazi na kuweka ruta humo, badala ya kuongeza fedha kwenye ruta yenye antena nyingi.

Ukishanunua, kuna mambo mawili yanayotisha watu bure. Kompyuta ya zamani ikikataa nywila sahihi, angalia kama ruta imewekwa WPA3 peke yake, yaani aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi ambayo kadi nyingi za zamani haziijui. Ibadilishe iwe WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Na kama ruta ni ya Wi-Fi 6 na kompyuta haioni hata jina la mtandao, mara nyingi draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ni ya kale. Isasishe kabla hujarudisha mzigo dukani.

Geuza pia boksi usome matundu ya waya. Ruta nyingi za bei ndogo zina matundu ya megabiti 100, hata kama hewani zinajisifia 867. Halafu soma adapta: ikiwa ni volti 12, utapata kwa urahisi betri ndogo ya kuwasha ruta umeme ukikatika.

Kwa mwalimu ruta ilibaki palepale. Nilimchomekea kadi ndogo ya USB ya masafa mawili, nikaizima ile ya ndani, na jina la pili likajitokeza. Kasi ya kiungo iliyokuwa ikisoma 72 ikasoma 433. Saa mbili usiku alikuwa na semina ya walimu kwa video. Nilipokuwa nakunja nyaya zangu tayari ameshavaa visikilizi, anamsalimia mwenzake wa Mbeya, na sura ya mwenzake haigandi.