Doria ya barabara kuu ya jimbo: vikosi, zoni na hesabu ya zamu

Katika majimbo mengi ya Marekani kuna polisi wa jimbo ambao kazi yao ya kwanza ni barabara: kupima ajali, kukamata walevi na wenye mwendo wa hatari, kukagua malori, kumsaidia aliyepasukiwa tairi usiku mahali pasipo na nyumba. Hiyo ndiyo doria ya barabara kuu. Haiko chini ya Washington, na haina amri juu ya polisi wa miji wala juu ya sherifu wa kaunti, ambaye mara nyingi huchaguliwa kwa kura za wananchi wake. Aliyezoea Tanzania au Kenya, penye polisi wa nchi nzima chini ya mkuu mmoja, aanzie hapo. Ndani ya kaunti moja ya Marekani huweza kuwapo vyombo vitatu au vinne vya polisi, kila kimoja na mkuu wake, na mipaka yao haifanani. Askari wa doria yeye mamlaka yake yanafika kila pembe ya jimbo.

Lakini kuwa na mamlaka kila mahali si kuwepo kila mahali, na mpangilio wote wa doria umetokana na pengo hilo. Tuchukue Missouri, kwa sababu mgawanyo wake ni rahisi kuufuata. Missouri State Highway Patrol ilianzishwa mwaka 1931. Jimbo lina eneo la kilomita za mraba 180,000 hivi na kaunti 114, ukiacha jiji la St. Louis ambalo linajitegemea. Askari wake wote wenye mamlaka ya kukamata ni zaidi ya 1,000, na si wote wanaokaa barabarani: wapo wapelelezi, walinzi wa gavana, wakufunzi wa chuo, wasimamizi wa kasino.

Kabla ya ramani, hesabu. Mwaka una saa 8,760. Askari anayefanya kazi saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwenye karatasi. Toa likizo, ugonjwa, sikukuu, mafunzo ya lazima na siku za kutoa ushahidi mahakamani. Tuseme saa 400 zinaondoka. Zimebaki 1,680. Gawanya 8,760 kwa 1,680, unapata 5.2. Maana yake, ili kiti kimoja cha gari la doria kisibaki wazi saa 24 kwa mwaka mzima, unahitaji askari watano hadi sita. Mwanasiasa akitangaza kwamba kaunti fulani imeongezewa askari wawili, ujue kwamba hata nusu ya kiti haijapatikana. Ndiyo maana sehemu nyingi za mashambani hazina gari linalozunguka saa tisa usiku. Askari yuko nyumbani amelala, simu iko kando ya kitanda, na ajali ikitokea anaamshwa.

Sasa ramani. Missouri imekatwa vipande tisa, na kila kipande kinaitwa kikosi na kupewa herufi, kuanzia A hadi I. Makao ya kikosi A yako Lee's Summit, pembeni mwa Kansas City. B yako Macon, kaskazini mashariki. C yako Weldon Spring, magharibi ya St. Louis, D Springfield, E Poplar Bluff, F Jefferson City, mji mkuu wa jimbo, G Willow Springs, kwenye milima ya kusini, H St. Joseph, I Rolla. Kikosi kwa maana hii ni ardhi kwanza, watu baadaye. Usitarajie kukuta kambi yenye askari wamejipanga. Utakuta jengo la ofisi, chumba cha redio, na magari machache, kwa sababu mengi yako kwa wenyewe.

Mkuu wa kikosi ni kapteni, akisaidiwa na maluteni. Juu yake, makao makuu Jefferson City, kuna mameja, luteni kanali, na kanali mmoja anayeongoza doria nzima. Huyo huteuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti ya jimbo. Chini ya kapteni wapo masajenti, makoplo na askari wa kawaida. Vyeo si jambo gumu.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni zoni. Kikosi hugawanywa katika zoni, na zoni kwa kawaida ni kaunti moja, mbili au tatu, chini ya sajenti. Huyo sajenti ndiye anayepanga zamu, anayepitia ripoti za ajali, anayejua ni kona gani imeua watu na ni daraja gani linalotangulia kuganda barafu. Askari mpya anapohitimu chuo hupangiwa zoni na hutakiwa kuishi ndani yake au karibu nayo. Hupewa gari analolala nalo nyumbani. Asubuhi anavaa sare, anawasha injini, anaita redio kwamba yuko kazini, na tayari yuko kwenye doria. Hajapoteza dakika 40 kwenda kituoni kuchukua gari na nyingine 40 kurudi mahali alipotakiwa kuwa. Watu hulalamika kwamba kumpa askari gari la kwenda nalo nyumbani ni anasa. Katika zoni yenye upana wa kilomita 80, bila hilo doria haiendeki, maana askari aliyeko nyumbani ndiye pia anayeitwa usiku.

Kwa nini zoni zifuate mipaka ya kaunti na si barabara zenyewe? I-70, mojawapo ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, inakata Missouri kutoka Kansas City hadi St. Louis, kilomita 400 hivi, na inapita katika vikosi vitatu: A, F na C. Ingeonekana busara kuwa na kikosi kimoja cha I-70 tu. Tatizo ni kinachofuata baada ya kumkamata mtu. Mwendesha mashtaka ni wa kaunti. Jela ni ya kaunti, chini ya sherifu. Kesi husikilizwa katika kaunti ambamo kosa limetendeka. Askari anayefanya kazi katika kaunti mbili anawajua waendesha mashtaka wawili, makarani wawili na wauguzi wa hospitali mbili. Yule ambaye angefuata lami kupita kaunti kumi na kitu angekuwa na wito wa mahakama kumi na kitu, na siku zake zingeishia kwenye mabenchi ya kusubiria. Mpaka wa zoni basi umewekwa na mahakama kuliko na magari.

Gharama ya mpango huo huonekana usiku. Chukua zoni ya kaunti mbili, Ijumaa, askari wawili zamuni. Mmoja anasimamisha gari linaloyumba. Anafanya majaribio matatu kando ya barabara: kufuatilia macho ya dereva, kumtembeza hatua tisa kwenda na tisa kurudi, kumsimamisha kwa mguu mmoja sekunde 30. Dereva akishindwa, anapelekwa jela ya kaunti. Kabla ya kupuliza kwenye mashine ya kipimo lazima aangaliwe kwa dakika 15 mfululizo, asile, asinywe, asitapike. Akitapika, dakika zinaanza upya. Kikomo cha pombe katika damu ni asilimia 0.08 kwa dereva wa kawaida, na 0.04 kwa anayeendesha lori kwa leseni ya biashara. Kisha karatasi, kisha gari lake livutwe. Kazi nzima hula saa mbili hadi tatu, na muda huo wote zoni ina askari mmoja. Huyo akipata ajali ya kupima upande wa pili, hakuna aliyebaki. Mtu wa redio huanza kuomba zoni jirani. Askari aliye umbali wa kilomita 60, hata akienda kwa wastani wa kilomita 110 kwa saa, atafika baada ya dakika 33 hivi.

Ndiyo sababu chumba cha redio ni kiungo kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Anayekaa kwenye redio si askari, lakini ndiye anayejua nani yuko wapi, nani ameshikwa na kazi, na nani yuko karibu bila kujali mstari wa zoni. Sajenti mzuri hupanga zamu ziingiliane: mmoja aanze saa moja asubuhi, mwingine saa tisa alasiri, wa tatu saa kumi na mbili jioni, ili muda wa watu kutoka kazini na saa za kufungwa baa ziwe na zaidi ya gari moja. Sajenti mvivu hugawa sawasawa, na Jumanne asubuhi ana magari matatu yanayotazamana.

Ajali yenye vifo ina utaratibu wake. Askari wa zoni hufunga njia, huhudumia majeruhi na kulinda alama za matairi zisikanyagwe, halafu huita wataalamu wa kupima ajali kubwa, ambao hutumikia eneo pana kuliko zoni. Hawawezi kuwekwa katika kila kaunti. Ujuzi wao huchukua miaka na vifaa vyao ni ghali. Ndiyo maana barabara hufungwa kwa saa kadhaa hata magari yaliyoharibika yakiwa mawili tu.

Kuna kazi ambazo hazifuati zoni kabisa. Mizani za malori zina wakaguzi wao wa doria, na hapa Waswahili wengi wanaoendesha malori Marekani hukutana nayo kwa mara ya kwanza. Uzito wa juu wa lori na mzigo wake kwenye barabara kuu zinazounganisha majimbo, bila kibali maalumu, ni ratili 80,000, yaani kilo 36,300 hivi. Ukaguzi kamili una hatua 37, tangu karatasi za dereva hadi breki kwa chini ya lori; ukaguzi mfupi unagusa dereva na karatasi tu, zikiwamo saa zake: asizidi saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10. Mitihani ya leseni za udereva Missouri pia hufanywa na waajiriwa wa doria. Na tangu mwaka 2011, polisi wa majini wa jimbo waliunganishwa humo humo, kwa hiyo kikosi F, chenye ziwa kubwa la Lake of the Ozarks, hupeleka baadhi ya watu wake kwenye boti wakati wa kiangazi.

Si kila jimbo limefuata njia hii. California, ambayo doria yake ni ya mwaka 1929, imegawanywa katika divisheni nane, na chini yake vituo vya eneo zaidi ya 100. Huko askari kwa kawaida huanzia zamu kituoni na si nyumbani, isipokuwa katika maeneo machache ya mbali sana. Tofauti kubwa ni mijini. Barabara kuu za njia nyingi zinazopita katikati ya Los Angeles ni za doria ya jimbo, si za polisi wa jiji, pamoja na barabara zote za maeneo yasiyo ndani ya mji wowote. Kwa hiyo mgawanyo wa California unavutwa na msongamano, wa Missouri unavutwa na umbali. Anayenakili ramani ya jimbo moja kwenda jingine bila kutazama hilo atapata vituo visivyo na kazi na barabara zisizo na askari.

Mpangilio huvunjika zaidi mahali pa kuungana. Simu ya mkononi ya aliyepata ajali hushika mnara ulio ng'ambo ya mpaka, simu ya dharura, namba 911, ikapokelewa na kaunti isiyo yake, ikahamishwa, na dakika tatu zimekwenda. Missouri ina namba ya moja kwa moja ya doria, *55, inayopokelewa kwenye chumba cha redio cha kikosi, lakini hata huko swali la kwanza ni lile lile: uko wapi? "Karibu na Columbia" haisaidii. Sema jina la barabara, unaelekea wapi, na namba ya kibao cha maili. Kwenye I-70 hesabu inaanza sifuri mpakani mwa Kansas na kupanda kuelekea mashariki, na Columbia mjini ni kama maili ya 126. Upande unaoelekea ukikosewa, askari atakuona ng'ambo ya ukanda unaotenganisha pande mbili za barabara na hataweza kukufikia mpaka njia ya kutokea inayofuata, ambayo mashambani huweza kuwa kilomita kumi mbele, halafu arudi zote.