Usiulize saa inatimiza miaka mingapi, uliza mashine yake ina umri gani

Kila ikikaribia mwisho wa Machi, simu yangu haitulii. "Fundi, mwaka huu wataitoa?" Hawasemi kitu gani, maana tumezoeana. Mmoja anasubiri Milgauss ya Rolex, mwingine GMT ya Rolex, ile inayosoma saa za nchi mbili, yenye pete nyekundu na nyeusi, mwingine Nautilus ya chuma ya Patek Philippe. Wananitumia picha za saa ambazo hazipo, zimetengenezwa kwa kompyuta na mtu aliyekaa kwake, nao wanataka niwaambie kama ni kweli. Siku chache baadaye milango ya ukumbi wa Palexpo kule Geneva inafunguliwa kwa maonyesho ya Watches and Wonders, saa mpya zinaonekana, na karibu wote wananirudia wakiwa wamevunjika moyo.

Mimi ni fundi wa saa za mashine. Kazi yangu ni kufungua, kuosha, kutia mafuta na kurekebisha mwendo, na wateja wangu wengi wa saa za bei kubwa ni Waswahili wa hapa Mombasa, wa Dar, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai. Sina jamaa kiwandani wa kuninong'oneza siri. Lakini kwa miaka mingi ya kukaa mezani nimeona jambo moja ambalo wakusanyaji wengi hawalitazami: wao hutabiri kwa kuangalia uso wa saa na kalenda, ilhali viwanda huamua kwa kuangalia kilichomo ndani.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Mwaka 2003 Rolex ilisherehekea miaka 50 ya Submariner, saa yake ya wapiga mbizi, kwa kuitoa na bezeli ya kijani, ile pete ya juu inayozunguka. Wakusanyaji wakaipa jina la Kermit, yule chura wa kijani wa televisheni, na tangu siku hiyo imani ikaingia kwamba kila saa ikifikisha mwaka wa duara lazima ipewe zawadi. Ukafika 2023, Submariner ikatimiza miaka 70. Watu walikuwa wameshaiandikia mashairi. Haikutolewa Submariner yoyote ya sherehe. Mwaka huohuo Daytona, iliyozaliwa 1963, ikafanywa upya, na wenye imani ya kalenda wakasema: si mnaona, miaka 60! Mimi niliona kitu kingine. Daytona ilikuwa bado inatembelea kaliba 4130, mashine iliyoanza mwaka 2000. Zamu yake ilikuwa imefika, na ile mpya ikaja na kaliba 4131.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Kaliba 3135 ndiyo mashine iliyoendesha Submariner yenye tarehe tangu 1988. Nimefungua nyingi hata mikono inazijua bila macho. Ni mashine ngumu na ya haki: ukiitunza, inakutunza. Lakini springi yake ikijaa inatembea kwa takriban saa 48, basi. Mtu akivua saa yake Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi anaikuta imesimama. Mwaka 2015 Rolex ilianza kuleta kizazi kingine kupitia Day-Date na kaliba yake 3255. Kuta za ngoma ya springi zilipunguzwa unene ili springi ndefu zaidi iingie, na lile gurudumu la mwisho linalopokezana nguvu na mizani likachongwa upya ili lisipoteze nguvu njiani. Akiba ikafika saa 70. Ukivua Ijumaa, Jumatatu unaivaa na kwenda zako.

Sasa fuatilia njia ya kizazi hicho. Mwaka 2016 kiliingia kwenye Datejust 41, 2017 kwenye Sea-Dweller, 2018 kwenye GMT-Master II, 2019 kwenye Yacht-Master. Mwaka baada ya mwaka, saa baada ya saa, kama mtu anayepaka rangi nyumba chumba kwa chumba. Aliyekuwa amekaa akahesabu vyumba aliona kwamba Submariner, saa yao inayojulikana kuliko zote, ndiyo iliyobaki na mashine ya 1988. Nilimwambia mteja wangu mmoja aliyetaka kununua Submariner ya wakati huo, namba 116610, mpya dukani: subiri. Submariner mpya ikaja tarehe 1 Septemba 2020, kwa kuchelewa, kwa sababu maonyesho ya masika yalivunjwa na korona. Ndani yake kulikuwa na kaliba 3235, ya kile kizazi kipya.

Sikupatia kila kitu, na ni haki niseme. Sikujua kwamba ukubwa ungepanda kutoka milimita 40 hadi 41, wala kwamba mabega, zile pembe zinazoshika mkanda, yangepunguzwa na mkanda kupanuliwa toka milimita 20 hadi 21. Mashine mpya ina kipenyo kilekile cha ile ya zamani, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya ndani ya kukuza kasha. Huo ulikuwa uamuzi wa macho, na macho ya watu wa Geneva siwezi kuyasoma. Ninachoweza kusoma ni kwamba saa fulani itaguswa. Itakuwa na sura gani, hilo namwachia Mungu na wachoraji wao.

Njia hiihii inaeleza pia saa zinazoondoka, na kwa maoni yangu hapo ndipo ina faida kubwa kwa mwenye kulinda pesa zake. Milgauss ilizaliwa 1956 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi karibu na sumaku kali, kama wanasayansi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva. Jina lenyewe linatamka kazi yake: gauss elfu moja, gauss ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Ilipumzishwa, ikarudi 2007 ikiwa na mshale wa sekunde uliopindwa kama radi, na wakusanyaji wakaipenda. Mashine yake ilikuwa 3131, ya ukoo wa zamani. Air-King, saa nyingine ya Rolex, ilikuwa na mashine hiyohiyo, na 2022 ikahamishiwa kwenye kizazi kipya. Milgauss ikabaki peke yake. Ukiwa na kiwanda kikubwa, huwezi kuendelea kuweka vipuri, mafundi na mitambo kwa ajili ya saa moja. Ama ihamishwe, ama iondoke. Mwaka 2023 iliondolewa kwenye orodha.

Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye akili timamu, alikuwa ameshampa mfanyabiashara mmoja arubuni ya Milgauss mpya, saa ambayo haikuwahi kutangazwa na mtu yeyote mwenye mamlaka. Alioneshwa picha. Mpaka leo hajaiona saa wala arubuni yake. Iliniuma kama iliyonipata mimi, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya. Usitoe hata shilingi kwa saa ambayo kiwanda hakijaiweka hadharani na kuipa namba.

Bado wapo wanaoisubiri, na mwaka 2026 umewapa matumaini kwa kuwa hesabu inafika miaka 70. Mimi nauliza: itarudi kufanya kazi gani? Tangu 2015 Omega inazo saa zilizopimwa na taasisi ya METAS ya Uswisi zikastahimili gauss 15,000, bila lile kasha la chuma laini ambalo Milgauss ilivaa ndani kujikinga. Jina lenye maana ya elfu moja lingesimama vipi mbele ya elfu kumi na tano? Kama itarudi, nitaanza kuangalia imepewa mashine gani, kabla ya rangi ya kioo.

Na usidhani ni Milgauss tu. Yacht-Master II, ile saa kubwa ya mashindano ya mashua, mashine yake ilikuwa ndugu wa 4130 ya Daytona. Daytona ikahama 2023. Yacht-Master II ikaondolewa 2024.

Kuna matarajio mengine ambayo hata mashine haiyasemi, yale ya rangi. Hapo lazima ujue mambo ya tanuri. Bezeli za zamani zilivikwa bati jembamba la alumini, na alumini unaipaka rangi unayotaka. Za sasa ni seramiki ya kipande kimoja. Unga unashindiliwa kwenye umbo, nusu yake inanyweshwa kemikali, kisha pete nzima inachomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,500. Rangi zote mbili zinatakiwa zitoke sawa, na mpaka kati yake uwe mkali kama umekatwa kwa wembe. Nyekundu ndiyo iliyowasumbua kuliko zote. Ndiyo maana kwenye GMT buluu na nyeusi ilipatikana 2013, na nyekundu na buluu ikasubiri mpaka 2014, tena kwenye dhahabu nyeupe. Ya chuma ikaja 2018. Anayesubiri nyekundu na nyeusi ya seramiki, ile wanayoiita Coke, ajue anasubiri tanuri. Mwaka 2024 ilipotoka GMT ya kijivu na nyeusi, wengi walinuna. Mimi niliipenda. Ukiiweka juani inatulia, haipigi kelele.

Patek Philippe ni habari tofauti, kwa sababu kule matarajio yanahusu chuma. Nautilus 5711 ya chuma ilitoka 2006, na kufikia 2021 ilikuwa ikitafutwa kiasi kwamba kampuni yenyewe iliamua kuisimamisha. Desemba mwaka huohuo, moja kati ya zile 170 zenye uso wa buluu ya Tiffany, duka la vito la Marekani, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.5. Watu wakasubiri mrithi wa chuma. Oktoba 2022 alikuja mrithi, 5811, wa dhahabu nyeupe. Chuma kikarudi miaka miwili baadaye kwenye kasha jipya la pembe nne, Cubitus, la milimita 45, na wakusanyaji wakalishambulia siku ileile kabla hata ya kulivaa. Hata mimi naona ukubwa ule ulizidi, na nilifurahi 2025 walipotoa la milimita 40. Lakini kosa la wakusanyaji lilikuwa kudhani kampuni iliyoisimamisha saa kwa sababu inatafutwa mno itairudisha kwa sababu hiyohiyo. Royal Oak ya Audemars Piguet, ambayo leo inaheshimiwa kama msikiti wa kale, mwaka 1972 ilishangaza watu kwa skrubu zake za nje na bei ya dhahabu kwenye mwili wa chuma. Siku ya uzinduzi si siku ya kuhukumu.

Nimeacha Land-Dweller ya Rolex ya 2025 kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niinuke kitini. Jina lilikuwa limeshavuja, na mabishano yote kabla ya uzinduzi yalikuwa juu ya mkanda wake na uso wenye nakshi ya sega la nyuki. Kilichokuwa ndani, kaliba 7135, hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote ninayemjua. Kwa zaidi ya karne, karibu saa zote za mkononi zimetumia wenzo unaopigapiga meno ya gurudumu, na kila pigo lina msuguano unaokula nguvu na kuhitaji mafuta. Hapa waliweka magurudumu mawili ya silikoni yanayopokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu, yanabingirika badala ya kukwaruzana. Rolex inasema nguvu inayookolewa ni asilimia 30. Inapiga mara 10 kwa sekunde badala ya 8 ya saa zao nyingine, na bado ni nyembamba na inakaa saa 66.

Tangu siku ile wakiniuliza "mwaka huu watatoa nini?" nami nawauliza: mashine ile itaingia wapi tena? Maana hakuna anayegharamika kubuni kitu kama kile kwa ajili ya saa moja. Kizazi cha 2015 kiliingia chumba kwa chumba kwa miaka zaidi ya mitano. Nahesabu tena.

Jana aliniletea saa mzee mmoja wa Mji wa Kale, GMT 16710 ya mwisho wa miaka ya 1990, bezeli nyekundu na nyeusi ya alumini. Jua la pwani limeifanya ile nyekundu iwe karibu na waridi. Mwanawe alikuwa amemwambia asubiri ya seramiki, hii aiuze. Nilipoishika nikaona pembetatu ya bezeli haiko juu. Imevutwa mpaka kulia, sawa na dirisha la tarehe. Nikadhani imegongwa. Mzee akacheka, akanionesha: mshale wa nne unazunguka mara moja kwa siku, na yeye ameizungusha pete ili hesabu yake irudi nyuma kwa saa sita, kwa hiyo jua likichomoza na kupanda kidogo, mshale unasoma moja. Saa moja asubuhi, kama tunavyosema sisi. Amekuwa akiivaa hivyo tangu siku aliyoinunua. Nimeifungua leo alfajiri, nimeiosha, nimeitia mafuta. Bezeli sikuigusa.