Astaafu, aingie nani? Dhana potofu kuhusu nyota wa kriketi anayefifia

Jumapili ya Februari 20, 2011, saa moja asubuhi, nilikuwa kwa mjomba wangu Ngara, Nairobi, kikombe cha chai mkononi. Kenya ilikuwa Chennai, India, ikifungua Kombe la Dunia la kriketi dhidi ya New Zealand. Kufikia saa tatu tulikuwa tumekwisha. Mikimbio 69 (ndiyo pointi za kriketi), timu nzima nje, ova 24, kila ova mipira sita, hazijatimia. New Zealand wakazifikia kwa ova nane bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wao yeyote kutolewa. Steve Tikolo, aliyekuwa nguzo ya timu tangu nikiwa shule ya msingi, aliingia akatoka kama wenzake.

Nilikasirika kama mtu aliyedanganywa. Nikamwambia mjomba, "Mjomba, huyu si angestaafu tu?"

Hakugeuza hata uso. "Astaafu, aingie nani?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi. Hasira yangu ya siku ile nimeisikia tena kwa mashabiki wa India, kwanza juu ya Sachin Tendulkar, halafu juu ya Virat Kohli, wapigaji wao wakubwa. Ni hasira ya kweli, na wala sioni haya kuwa nayo. Lakini mengi tunayoyasema tukiwa nayo si kweli.

Kwa msomaji aliyezoea soka, jambo moja kwanza. Mshambuliaji wa soka anaweza kukosa mabao matano akafunga la sita, na jioni akabebwa juu juu. Mpigaji wa kriketi akikosea mara moja tu, anavua glavu na kuondoka. Zamu yote iliyobaki ya timu yake kupiga ataitazama akiwa ameketi. Ndiyo maana kufifia kwa mpigaji kunaonekana uchi kuliko kwa mwanamichezo mwingine yeyote ninayemjua.

Dhana: Macho yamezeeka, hauoni mpira tena

Hii ndiyo ya kwanza kutajwa kila mara, na ndiyo isiyo na miguu. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji kwa muda wa nusu sekunde hivi. Mistari miwili wanayosimama mrushaji na mpigaji imeachana kwa mita zisizofika 18. Hata kijana wa miaka ishirini hawezi kungoja mpira ufike ndipo aamue. Mpigaji hodari anaanza kuusoma kabla haujatoka mkononi: bega limefunguka kiasi gani, kifundo cha mkono kimelala wapi, vidole vimeshika mshono vipi. Usomaji huo hauzeeki upesi. Kwa wengi unazidi kunolewa kadiri miaka inavyokwenda.

Kinachochelewa ni mguu. Kichwa kimeshajua mpira utatua wapi, lakini mguu wa mbele unafika ukiwa umechelewa kiasi cha kupepesa jicho. Hapo kati ya gongo na pedi, ile kinga ya mguu, unabaki mlango. Mwaka 2012, Tendulkar akiwa na miaka 39, New Zealand walimwangushia vijiti, vile vitatu anavyovilinda mpigaji nyuma yake, mara tatu mfululizo nyumbani kwao India, mara moja Hyderabad na mara mbili Bengaluru. Warushaji watatu tofauti. Mtu ambaye ulinzi wake ulikuwa kama ukuta wa ngome, sasa anageuka nyuma kuangalia vijiti vimelala. Nilipoiona ile ya tatu nilizima televisheni.

Na umri wenyewe si hukumu. Machi 15, 2003, huko Durban, Aasif Karim wa Kenya alikuwa na miaka hiyohiyo 39 na alikuwa amerudishwa kutoka kwenye kustaafu. Aliwarushia Australia, mabingwa wa dunia, ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu, ya nahodha wao Ricky Ponting ikiwamo. Ila Karim alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzungusha. Kazi yake ilitaka vidole na akili. Miguu ya kuruka mbele na nyuma ndani ya nusu sekunde hakuihitaji. Kwa hiyo anayesema "ana miaka 39, basi" hajasema kitu mpaka aseme pia mchezaji huyo anafanya kazi gani.

Dhana: Wastani wake bado ni mkubwa, mwacheni

Hapa wanaokosea ni watetezi wa nyota. Wastani wa mpigaji ni mikimbio yake yote ya maisha ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Ni kama akiba ya benki: uliyoweka ukiwa na nguvu inaendelea kukustiri hata mshahara ukikatika.

Mtazame Kohli kwenye mechi za Testi, zile za siku tano. Hadi mwisho wa 2019 alikuwa amecheza 84 na kupata mikimbio 7,202, wastani unaokaribia 55. Hiyo ni ngazi ya miamba wa historia. Kuanzia 2020 hadi alipostaafu Testi Mei 2025 alicheza nyingine 39, akapata 2,028, wastani wa 30 na kitu. Kwa miaka mitano alikuwa mpigaji wa 30 anayetembea na kitambulisho cha 50. Alipoondoka, hesabu ya maisha ilisoma 46.85, na bado kuna anayeinyoosha namba hiyo kama ushahidi kwamba hapakuwa na tatizo. Ukitaka kujua hali ya mpigaji leo, tazama mechi zake ishirini za mwisho. Ya nyuma ni heshima yake, na heshima hiyo haimwongezei mkimbio mmoja kesho asubuhi.

Dhana: Amepiga mia, amerudi

Mashabiki tunalipenda hili kwa sababu tunalitaka liwe kweli. Kuna msemo wa kriketi kwamba fomu huja na kuondoka, daraja la mchezaji hubaki. Basi kila nyota akipata mikimbio mia moja katika zamu moja baada ya ukame, tunaimba msemo huo mpaka sauti zinakauka.

Novemba 2024, mjini Perth, katika ya kwanza ya Testi tano za India huko Australia, Kohli alipata mikimbio mia moja bila kutolewa. Nilifurahi, sikatai. Nilimpigia simu mjomba. Kumbe kabla ya hiyo alikuwa amepata tano, na baada yake, katika mechi nne zilizobaki, alipata hivi: 7, 11, 3, 36, 5, 17, 6. Jumla 85 kwa mara saba. Ukiitoa ile mia, safari nzima haifiki mikimbio mia.

Lakini kilichoniuma zaidi ya namba ni namna alivyotoka. Alitolewa mara nane katika safari ile, na mara zote nane hadithi ilikuwa moja: mpira umerushwa nje kidogo ya kijiti cha nje, yeye anaufuata kwa mikono, unagusa ukingo wa gongo, unadakwa na mlinda wiketi au na mdakaji aliyesimama jirani yake. Mrushaji Scott Boland pekee alimpata mara nne kwa njia hiyo. Kila aliyekuwa akitazama alijua mtego uko wapi, na Kohli mwenyewe, mtu wa zaidi ya Testi mia moja, alijua kuliko sisi sote. Mwili uliozoea kuufuata mpira ule kwa miaka kumi na kuupeleka mpakani haukubali kuambiwa leo uuache upite. Ufundi uleule uliomletea maelfu ya mikimbio ndio uliokuwa sasa unamtoa.

Dhana: Kama amekwisha, amekwisha kotekote

Hili jibu lake ni fupi. Wiki saba hivi baada ya kutolewa kwa mara ya mwisho Sydney, Februari 23, 2025, Kohli yuleyule aliipiga Pakistan mia moja bila kutolewa, huko Dubai, katika mechi ya siku moja. Mpira mweupe wa mechi fupi haupindi hewani kwa muda mrefu kama ule mwekundu, na wadakaji wa pembeni mwa mlinda wiketi huondolewa mapema ili wakalinde mipaka. Mpira uliogusa ukingo Sydney ukadakwa, Dubai unapita pale patupu na kuwa mikimbio minne. Mchezaji anaweza kuwa amekwisha katika kazi moja na bado ni fundi katika nyingine.

Dhana: Shabiki anayelalamika hana shukrani

Nimeambiwa hivi mara nyingi, na sikubali. Asiyejali halalamiki, anabadilisha chaneli. Mimi nililia nilipokuwa mdogo Kenya ilipofungwa nusu fainali, na ninadai haki ya kusema nikiona mambo yameharibika. Ninachokataa ni matusi kwa mtu na familia yake. Hayo si malalamiko ya kriketi.

Dhana: Anang'ang'ania nafasi ya vijana, na akitoka watajitokeza

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tikolo alicheza Makombe yote matano ya Dunia ambayo Kenya imewahi kushiriki: 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya India mjini Cuttack mwaka 1996, alipata 65. Wiki mbili na ushee baadaye huko Kandy, Sri Lanka walipoweka rekodi ya dunia ya wakati ule ya mechi za siku moja, mikimbio 398, yeye akajibu kwa 96. Mwaka 1997, fainali ya Kombe la ICC, baraza la kriketi la dunia, dhidi ya Bangladesh mjini Kuala Lumpur, alipiga 147 kati ya 241 za Kenya, na bado tukashindwa kwa mpira wa mwisho. Machi 20, 2003, akiwa nahodha katika nusu fainali dhidi ya India huko Durban, timu nzima ilitoka kwa 179, naye alikuwa na 56 ndani yake. Kenya haijawahi kuwa na hadhi ya Testi, kwa hiyo mtu huyu hakupata hata siku moja kwenye jukwaa ambalo Tendulkar alisimama mara 200.

Sasa jiulize nini kilifuata 2003. Mshahara ukawa mgogoro, wachezaji wakagoma, uongozi ukavurugana hadi chama kikavunjwa na kingine kikaundwa. Maurice Odumbe, mpigaji mwenzake mkubwa, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kuhusiana na wacheza kamari. Mwaka mzima wa 2005 Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya kimataifa ya siku moja. Mwaka mzima! Mpigaji hufundishwa na mpira unaokuja kwa kasi kutoka kwa mtu anayetaka kumtoa. Kijana aliyekuwa na miaka 19 mwaka huo, aliyepaswa kupigwa mbavu na warushaji wa kimataifa ili akomae, alipigia nyavuni tu. Huyo ndiye aliyepaswa kumrithi Tikolo 2011. Hakuwapo, kwa sababu hakutengenezwa.

Mwaka 2007 huko St Lucia, Tikolo bado ndiye alipata 72 bila kutolewa dhidi ya Canada, na 76 dhidi ya England. Alikuwa anakaribia miaka 36. Nani alikuwa anamsukuma atoke? Hata 2011, aliyeng'ara kwetu kwa gongo alikuwa Collins Obuya, aliyebaki na 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mjini Bengaluru. Obuya ni yuleyule aliyewaangusha Sri Lanka mwaka 2003 kwa kurusha, wiketi tano kwa mikimbio 24. Mrushaji wa kizazi kilekile ndiye aliyegeuzwa mpigaji kuziba pengo.

Machi 20, 2011, miaka minane kamili tangu usiku wa Durban, Tikolo alicheza mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia, uwanja wa Eden Gardens, Kolkata. Zimbabwe walitushinda kwa mikimbio 161. Akastaafu, kama nilivyotaka.

Nafasi ikawa wazi. Je, wakajitokeza? Januari 2014 Kenya ilikwenda New Zealand kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, na katika kikosi alikuwamo Tikolo, miaka 42, ameitwa arudi. Hatukufuzu. Tukapoteza na hadhi ya mechi rasmi za siku moja, tuliyokuwa nayo tangu 1996.

Hapo ndipo nilipomrudia mjomba, nikamwambia kwamba sasa nimelielewa swali lake. Akauliza tu kama chai imeiva.

Tikolo baadaye alikwenda kuwa kocha wa timu ya taifa ya Uganda, kisha ya Tanzania. Nikiona kijana wa Kampala au Dar es Salaam anapeleka mguu wa mbele mapema, goti limekunjwa, kichwa juu ya mpira, huwa namwangalia mara mbili.