Stesheni ya Malindi ambayo haikuwahi kuwepo

"Malindi ilikuwa na stesheni, wakoloni wakaing'oa." Haikuwepo hata siku moja. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 kwa sababu ya kina cha maji ya bandari yake ya Kilindini, ikaelekea bara kupitia Mazeras, Mariakani na Voi hadi Kisumu mwaka 1901. Ghuba ya Malindi hujaa tope la Mto Sabaki; meli ya shehena ingetia nanga wapi? Ukikuta kipande cha reli kimefanywa nguzo ya geti, kililetwa na lori kama chuma chakavu.

"Reli ya Taveta ilijengewa mkonge." Mkonge ulidandia tu. Tawi lile ni la vita: Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, na reli yao ya Tanga ilikuwa imeshafika Moshi. Waingereza wakaanza kutandika kutoka Voi mwaka 1915, wakafika Maktau mwaka huohuo, na 1916 wakaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe. Upana ulikuwa mmoja, milimita 1,000, kwa hiyo behewa lilipita bila kupakuliwa.

"SGR ndiyo iliyoua stesheni ndogo." Hapa ndipo wengi huteleza. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, imeanza kubeba abiria 2017, na nyingi ya stesheni hizo zilikuwa zimeshalala. Stesheni ndogo iliwekwa kwa haja ya treni, si ya mji. Njia ni moja. Treni mbili zikielekeana, moja huingia njia ya kupishania ikasubiri. Tena injini ya mvuke hunywa maji, ndiyo maana ya lile tangi juu ya nguzo. Na si maji yoyote: ya chumvi huacha ukoko kwenye mabomba ya boila. Ukoko huzuia joto lisifike majini, bomba likaungua, likapasuka. Dizeli ilipoingia, tangi likakosa kazi. Taveta ilipata pigo jingine: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983.

"Treni ya SGR yaweza kupita reli ya zamani." Haiwezi, upana wake ni milimita 1,435. Ukienda Voi kutoka Malindi kwa njia ya Sala, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, chukua futi kamba upime mwenyewe, kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Angalia na mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli: mengi ni ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa.

Na Lamu? Bandari mpya ilipokea meli ya kwanza Mei 2021. Reli ya kwenda Isiolo iko kwenye ramani tu.