Chakula kibovu: umwendee nani, kaunti au KEBS?

Nyama ya buchani inanuka. Nimwone nani?
Mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti vichinjio, huduma za mifugo na leseni za wauza chakula. Kichinjioni mkaguzi humtazama mnyama akiwa hai, kisha maini, mapafu na tezi, ndipo apige mhuri. Mhuri huo lakini hauzungumzii saa zilizofuata. Nyama ikipitishwa alfajiri, ikaning'inizwa kwenye joto la Kisumu hadi jioni, mwenye kosa ni muuzaji. Omba uonyeshwe mhuri kabla paja halijakatwa. Ukishafungiwa nusu kilo, huna tena cha kukagua.

Na unga wa pakiti?
Huo ni wa KEBS (Kenya Bureau of Standards), shirika la serikali kuu linaloweka viwango na kuidhinisha bidhaa. Aflatoksini, yaani sumukuvu, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Alama ya ubora huweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie kuitazama: tuma SM# ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini yake kwa 20023. Jibu likitaja kampuni nyingine, usiununue.

Mahindi ninayosaga posho mill?
Hapa ndipo tunapoona pengo kubwa zaidi. Mahindi yako ukiyapeleka kusaga, Nakuru au Bungoma, hakuna anayeyapima, na sumukuvu haiishi kwa kusonga ugali. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Usipokuwa na kipimo, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandia ukuta wa chupa, yarudishe juani. Jaribio hili huonyesha unyevu tu, halionyeshi sumu. Punje zenye kuvu zitoe kwa mkono, wala usiwape kuku.

Kibandani niangalie nini?
Leseni ni ya biashara. Cheti cha afya ni cha kila anayegusa chakula, nacho hudumu miezi 6. Soma tarehe.

Tumeumwa tumbo nyumba nzima. Tufanye nini?
Nendeni hospitali. Mkiweza, toeni sampuli ya choo kabla ya kumeza antibiotiki, kwani dawa huficha kiini cha ugonjwa. Masalio ya chakula yafunike, yaweke kwenye friji, pamoja na pakiti yenye nambari ya bechi. Mpelekee afisa wa afya ya umma siku hiyohiyo. Ana mamlaka ya kuchukua sampuli dukani na kuipeleka maabara ya serikali, ila bidhaa ikishauzwa yote hatakuta cha kuchukua.