Supu ya Kichina mezani: kipi ni lishe, kipi ni imani, kipi cha kuogopa

Wafanyabiashara wetu wanaorudi kutoka Guangzhou siku hizi hawabebi nguo na simu tu. Ndani ya begi kuna vifuko vya matunda makavu mekundu, mizizi iliyokatwa vipande, na ushauri wa mwenye duka. Maswali huja na vifuko hivyo.

Wachina husema chakula na dawa vina asili moja. Wana maana gani?

Maana yenyewe ni ya jikoni kabisa. Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7 zama za ufalme wa Tang, alifundisha kwamba mgonjwa ajaribiwe kwanza kwa chakula, na dawa ifuate chakula kikishindwa. Wazo hilo halijafa. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ya China ilitoa orodha ya vitu 87 vinavyohesabiwa kuwa ni chakula na pia ni dawa, na tangawizi imo. Lakini mama wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China lenye mji wa Guangzhou, hapiki kwa kufuata orodha. Huangalia hali ya hewa, humsikiliza mtoto anavyokohoa, ndipo aamue leo chungu kiwe na nini.

Na hili la vyakula vya "moto" na vya "baridi"?

Bibi zetu wa Lamu na Unguja hawana haja ya kuelezwa. Nao wana vyakula vyao vya joto na vya baridi, elimu iliyotufikia kwa njia ya tiba ya Waarabu. Ya China ina chimbuko lake, ila zinafanana. Haihusu joto la sufuria: maji ya choroko, hata yakitoka mvuke, kwao ni "baridi", na ndiyo maana hunywewa wakati wa kiangazi. Mtu akila vya kukaanga mno akatoka vidonda mdomoni, husemwa moto umempanda, apewe kinywaji kichungu cha mitishamba. Hospitali haina kipimo cha moto huo. Lakini anayeambiwa apumzishe mafuta, ale mboga na anywe vitu vya majimaji, hajapotezwa.

Zile tende nyekundu zinaongeza damu kweli?

Kwanza, si tende. Ni kunazi. Mti wake ni ndugu wa mkunazi wetu, ila tunda la China ni kubwa zaidi, na likikauka ngozi hujikunja na kuwa nyekundu iliyoiva. Rangi hiyo ndiyo iliyowafanya watu waamini kuwa linatengeneza damu. Ukweli ni kwamba madini ya chuma yaliyomo ni machache, na zaidi ya nusu ya uzito wa kunazi kavu ni sukari. Linatia utamu mzuri kwenye supu na uji, nami nalipenda. Lakini mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu imepungua, tafadhali, asiache vidonge vya chuma kwa ajili ya kunazi. Mwenye kisukari naye azihesabu: mbili tatu ndani ya chungu cha familia zinatosha.

Supu inayochemka saa tatu, nguvu yote si imeingia kwenye mchuzi?

Hapana. Ladha imeingia, mafuta na chumvi vimeingia. Protini nyingi imebaki kwenye nyama ile ambayo wengi huiona kuwa makapi, na kalsiamu inayotoka mfupani ni kidogo. Kula nyama. Mwenye jongo apunguze mchuzi mzito wa namna hii, maana zile asili za nyama zinazozalisha asidi ya yuriki huyeyukia humo.

Mzazi hupewa nini kule?

Hapa ndipo ninapowapenda sana. Kwa mwezi mzima mzazi hukaa ndani, afunikwe, alishwe. Guangdong humpikia miguu ya nguruwe na mayai ndani ya siki nyeusi tamu yenye tangawizi tele, na chungu hicho jirani wakija kumwona mtoto nao huonjeshwa. Taiwan humpa kuku wa tangawizi na mafuta ya ufuta. Ukitazama vizuri, ni kazi ileile ya mtori wa Kilimanjaro na uji wa pilipili manga wa pwani: chakula laini, cha moto, chenye nguvu, na watu wa kukileta. Asiyekula nguruwe atumie makongoro au kuku, hapotezi kitu. Ila kuku wa Taiwan mara nyingi hupikwa kwa pombe ya mchele, na anayenyonyesha aiepuke. Pia kuna familia zinazomkataza mzazi matunda na mboga kwa sababu ni "baridi". Hilo silikubali. Anazihitaji, hasa choo kikiwa kigumu.

Si Wachina ndio waliotupa dawa ya malaria? Kwa nini tusiamini mizizi yao?

Ndio. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, ambayo jamaa yake imo ndani ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati. Alianza na maandishi ya kale, lakini hakuishia hapo: alitoa kiini kwenye mmea, kikapimwa, kikajaribiwa. Mzizi wa kwenye kifuko haujapita njia hiyo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina uliotiwa kimakosa badala ya mwingine waliharibikiwa figo. Mzizi wa susu ukitumika mwingi hupandisha presha. Goji, yale matunda madogo mekundu, na mzizi uitwao danggui vinaweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mtu akatokwa damu. Kifuko kisicho na jina unaloweza kulisoma, usikitie chunguni.

Nianze na nini basi?

Kuku nusu, vipande vinne vya tangawizi, kunazi tano, kijiko kimoja cha goji. Tia kuku kwenye maji baridi, yachemke dakika chache mpaka povu la kijivu lipande, mwaga, msuuze. Anza na maji mapya, tangawizi na kunazi zilizotolewa kokwa, moto mdogo, saa moja na nusu. Goji dakika kumi za mwisho, la sivyo zitapasuka na kuuchachusha mchuzi. Chumvi mwisho kabisa, baada ya kuonja, na ukitia chumvi usitie sosi ya soya: kijiko chake kikubwa kimoja tu kina chumvi zaidi ya gramu 2, na mtu mzima hatakiwi kufika 5 kwa siku nzima.